Mjadala: Je, Rochdale ya msimu wa 1931–32 ilistahili kubakizwa kwenye Ligi ya Uingereza?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tujadili suala la haki lililotokea miaka mingi iliyopita katika soka la Uingereza, kwa sababu naona bado halijapata jibu la kuridhisha.

Katika msimu wa 1931–32 klabu ya Rochdale, kutoka mji wa viwanda vya pamba katika jimbo la Lancashire, ilicheza mechi 40 za Daraja la Tatu Kaskazini. Ilishinda 4, ikatoka sare 3, ikafungwa 33. Ilipachika mabao 48 na kuruhusu mabao 135, ikamaliza ikiwa na pointi 11 katika zama ambazo ushindi mmoja ulileta pointi 2. Kati ya Novemba 1931 na Machi 1932 ilipoteza mechi 17 mfululizo. Pamoja na hayo yote, msimu ulipokwisha klabu hiyo ilirudishwa kwenye Ligi, na ikaendelea kuwamo hadi mwaka 2023 iliposhuka daraja.

Kwa wasiofahamu utaratibu wa wakati ule, hakukuwa na kushuka kwa lazima kutoka Daraja la Tatu. Daraja hilo lilikuwa na makundi mawili, Kaskazini na Kusini, na klabu mbili za mwisho katika kila kundi zilitakiwa kuomba upya uanachama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, zikishindana kwa kura na klabu za nje zilizotaka kuingia. Waliopiga kura hawakuwa wenzao wa daraja lile. Kila klabu ya Daraja la Kwanza na la Pili ilikuwa na kura yake kamili, ilhali klabu zote za Daraja la Tatu, zikiwa wanachama washirika tu, zilipewa kura chache za pamoja. Kwa maneno mengine, hatima ya Rochdale ilikuwa mikononi mwa klabu ambazo hazikuwa zimekutana nayo uwanjani hata mara moja katika ligi msimu ule.

Msimamo wangu ni kwamba Rochdale ilistahili kubaki. Sisemi hivyo kwa kuuonea huruma mkia wa msimamo wa ligi. Nasema hivyo kwa sababu naamini kwamba msimamo wa ligi wa mwaka ule ulipima mfuko wa mji kuliko ulivyopima thamani ya klabu. Tukumbuke kwamba klabu hii hii ilimaliza nafasi ya pili msimu wa 1923–24, ikiwa na pointi 62 dhidi ya 63 za Wolverhampton Wanderers, na katika msimu mzima iliruhusu mabao 26 tu. Msimu wa 1926–27 ilishika tena nafasi ya pili, nyuma ya Stoke City, huku mshambuliaji wake Albert Whitehurst akifunga mabao 44 ya ligi. Mara zote mbili haikupanda, kwa kuwa bingwa peke yake ndiye aliyepanda kutoka kila kundi. Mwaka 1928 Whitehurst alikwenda Liverpool, na hakuna mtu wa soka atakayeshangaa kwamba klabu ya mji mdogo haikuweza kumzuia.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi. Pamba ndiyo iliyoulisha ukanda ule wote, na soko la nguo za Lancashire lilikuwa limeporomoka kwa sababu India ilikuwa ikisusia nguo za Uingereza na Japani ilikuwa ikiuza kwa bei nafuu zaidi. Septemba 1931, msimu ukiwa ndio kwanza umeanza, Gandhi alifika Darwen, mji mwingine wa Lancashire, kuzungumza na watu ambao mashine zao zilikuwa zimesimama. Mwezi huo huo serikali iliiondoa pauni kwenye kiwango cha dhahabu, yaani utaratibu wa kuifunga thamani ya pauni kwenye dhahabu, na posho ya wiki ya mwanamume asiye na kazi ikapunguzwa kutoka shilingi 17 hadi shilingi 15 na peni 3. Kiingilio cha chini cha mtu mzima kwenye mechi ya Ligi kilikuwa shilingi 1. Mwenye mke na watoto anayepokea posho hiyo, hata kama ana nyongeza kidogo kwa ajili ya familia, akiamua kutokwenda Spotland, uwanja wa Rochdale, Jumamosi, je, klabu imekosea nini? Na bila mapato ya mlangoni, klabu ingesajili wachezaji kwa fedha gani?

Kuna jambo jingine ambalo linanigusa binafsi. Rochdale ndio mji ambako mwaka 1844 wafanyakazi walifungua duka la ushirika katika mtaa wa Toad Lane, na kanuni walizojiwekea zikasambaa duniani hadi zikafika kwetu. Chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, wakati Rochdale ya mpira ikihangaika. Mji uliofundisha watu kubebana haukustahili kutupiwa klabu yake nje kwa msimu mmoja wa njaa. Na miaka 30 baadaye, mwaka 1962, klabu hiyo ikiwa Daraja la Nne ilifika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Norwich City, ikiongozwa na Tony Collins, anayetajwa kuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika Ligi ya Uingereza. Ingefukuzwa mwaka 1932, sidhani kama hayo yangetokea.

Nakaribisha hoja, hasa za wanaopinga.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kuliweka suala hili kwa uangalifu, lakini sikubaliani nawe, na sababu yangu kubwa ni klabu ambayo hukuitaja kabisa.

Nelson ni mji wa pamba wa Lancashire kama ulivyo Rochdale. Klabu yake ilitwaa ubingwa wa Daraja la Tatu Kaskazini msimu wa 1922–23, na mwaka huo huo ilizuru Hispania na kuifunga Real Madrid mabao 4–2. Msimu wa 1930–31 iliporomoka vibaya, ikapoteza mechi zake zote 21 za ugenini, ikamaliza ya mwisho ikiwa na pointi 19. Mdororo ulikuwa ule ule, viwanda vilivyofungwa ni vya aina ile ile, na viti vya uwanjani vilikuwa vitupu kwa sababu zile zile. Mkutano mkuu wa 1931 uliitoa Nelson na kuiingiza Chester, na Nelson haikurudi tena kwenye Ligi. Mwaka mmoja baadaye Rochdale, ikiwa na pointi 11 na sio 19, ilibakizwa. Kama umaskini wa mji ni utetezi, kwa nini ulikuwa utetezi kwa mmoja na haukuwa utetezi kwa mwenzake? Mimi sioni haki mahali ambapo watu wawili wenye shauri linalofanana wanapewa hukumu mbili tofauti, tena aliyefanya vibaya zaidi ndiye anayeachiwa.

Vilevile tusiwasahau waliokuwa nje ya mlango. Chester, mara tu ilipoingia, ilimaliza msimu wa 1931–32 katika nafasi ya tatu, nyuma ya Lincoln City na Gateshead, zilizolingana kwa pointi 57 na kutenganishwa kwa wastani wa mabao. Klabu iliyokuwa ikicheza ligi ya kaunti ilithibitisha ndani ya miezi michache kwamba ilikuwa bora kuliko karibu kila klabu iliyokuwa imekalia kiti kwa miaka 10. Ni klabu ngapi nyingine za namna hiyo zilizokuwa zikisubiri, huku waliokuwa ndani wakipigiana kura za kubakizana? Kila mara tunapomhurumia wa mwisho, tunamnyima nafasi mtu mwingine, naye ana mji wake na wafanyakazi wake waliokosa ajira.

Kuhusu fainali ya 1962 na Tony Collins, naheshimu sana historia hiyo, lakini waliopiga kura mwaka 1932 hawakuwa na uwezo wa kuiona. Hatuwezi kuihalalisha hukumu kwa matunda yaliyokuja miaka 30 baadaye.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze jambo moja kabla hatujaendelea. Idadi ya mechi 40 aliyoitaja mleta mada inatokana na kifo cha klabu nyingine. Wigan Borough ilijiondoa kwenye Ligi tarehe 26 Oktoba 1931, baada ya mechi 12 tu, kwa kushindwa kujiendesha, na matokeo yake yote yakafutwa. Ilikuwa klabu ya kwanza kujiondoa katikati ya msimu. Siku mbili kabla ilikuwa imefungwa 5–0 na Wrexham.

Kule Kusini, Thames ya London, iliyoingia mwaka 1930 na kucheza katika uwanja mkubwa sana wa mashariki mwa jiji, iliwahi kutazamwa na watu 469 tu katika mechi dhidi ya Luton Town tarehe 6 Desemba 1930. Mwaka 1932 haikuomba hata kurudishwa. Kwa hiyo mkutano ule haukuwa na uhaba wa nafasi; Newport County, iliyokuwa imetolewa mwaka mmoja tu uliotangulia, iliingia tena pamoja na Aldershot, na Mansfield Town ikahamishiwa Kaskazini. Ningependa wenzangu wakumbuke hilo wanapouliza kwa nini Rochdale ilipata kile ambacho Nelson ilikikosa. Mwaka 1932 Ligi ilikuwa ikipungukiwa na klabu, na klabu iliyomaliza mechi zake zote, hata kwa vipigo 33, ilikuwa na thamani ambayo haikuwa nayo mwaka mmoja kabla.

Mleta mada

Namshukuru mchangiaji wa pili, kwa sababu ameeleza kwa nini mambo yalikwenda vile, na maelezo yake yanaimarisha hoja yangu zaidi kuliko nilivyoweza mimi. Kumaliza mechi zote za msimu ule lilikuwa jambo zito. Fikirieni wachezaji waliosafiri kwenda ugenini mwezi Februari wakiwa hawajaonja ushindi tangu Novemba, na mashabiki wachache waliotoa shilingi yao wakijua kwa hakika karibu kamili kwamba watafungwa. Wigan Borough ilishindwa kufika Novemba. Rochdale ilifika mwisho, na kwangu mimi klabu inayotimiza ratiba yake yote katika hali ile imewatendea haki wapinzani wake wote, hata kama imefungwa na karibu kila mmoja wao.

Sasa nimjibu ndugu yangu wa kwanza, ambaye hoja yake juu ya Nelson ni nzito na sitaikwepa. Nakubaliana naye kwamba klabu mbili zenye shauri linalofanana zilipata hukumu tofauti. Tunachotofautiana ni hukumu ipi kati ya hizo mbili iliyokuwa mbaya. Yeye anaitazama Nelson iliyotolewa na kusema Rochdale nayo ilipaswa kutolewa. Mimi naitazama Rochdale iliyobakizwa na kusema Nelson ilidhulumiwa. Dhuluma aliyotendewa jirani haiondoki kwa kumtendea na mwenzake vivyo hivyo. Na kuhusu mwaka 1962, niliutaja ili tujue ni kitu gani kilichokuwa hatarini. Uzito wa kura ya 1932 nauweka kwenye yale ambayo wapiga kura walikuwa wakiyaona kwa macho yao wakati ule, yaani mji uliofilisika na klabu ambayo miaka mitano tu nyuma ilikuwa ya pili.

Hoja ya Chester nayo naiheshimu, na hapo ndipo naona kosa halisi la Ligi. Klabu za nje zilistahili mlango, lakini mlango ulio wazi pande zote mbili. Tazameni kilichotokea Ligi ilipoanza utaratibu wa kushuka na kupanda kwa lazima msimu wa 1986–87. Klabu ya kwanza kushuka ilikuwa Lincoln City, wale wale mabingwa wa Kaskazini wa 1932, na Scarborough ikachukua nafasi yake. Lincoln ilicheza nje ya Ligi msimu mmoja, ikatwaa ubingwa huko, ikarudi mwaka 1988. Ilishuka kwa pointi zake na ikapanda kwa pointi zake, bila kumbembeleza mkurugenzi wa klabu yoyote. Nelson ya 1931 haikuwa na njia hiyo. Ingeweza kutwaa ubingwa wa kila ligi ya chini na bado ingelazimika kusubiri matajiri wa madaraja ya juu wakubali kuinua mikono. Kutolewa katika mazingira yale kulikuwa karibu sawa na kuuawa. Ndiyo maana sikubali kulinganisha kufukuzwa kwa wakati ule na kushuka daraja kwa leo, na ndiyo maana nasema kwamba pale ambapo adhabu haina njia ya kurudi, anayehukumu anapaswa kusita sana kuitoa kwa sababu ya msimu mmoja.

Tena, kama klabu kubwa zingetaka kweli kusaidia, kulikuwa na hatua zilizokuwa ndani ya uwezo wao. Zingeweza kulegeza sharti la kiingilio cha shilingi 1 kwa wasio na kazi. Zingeweza kuruhusu klabu mbili zipande kutoka kila kundi, na hapo Rochdale ya 1924 ingecheza Daraja la Pili. Zingeweza kuzipa klabu za Daraja la Tatu kura kamili juu ya mambo yao wenyewe.

Kwa hiyo namrudishia swali ndugu yangu wa kwanza, na ningefurahi wengine nao wakijibu: kama wewe ungekuwa mwakilishi wa klabu ya Daraja la Kwanza katika mkutano ule wa 1932, ukiwa na karatasi ya kura mkononi na ukijua kwamba yule utakayemtoa hana ngazi yoyote ya kupandia tena, ungeandika jina gani mahali pa Rochdale?