Blood Hunter wangu amehukumiwa kwa pigo moja: nalalamikia namna meza yetu inavyopima nguvu za wahusika

Wanajamvi, salaam. Nimekaa siku nne nikingoja hasira ipungue ndipo niandike, na kwa kuwa haijapungua nimeona heri niandike nayo hivyohivyo.

Kwa wasiomfahamu, Blood Hunter ni aina ya mhusika wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, toleo la tano, ambayo haikutungwa na wenye mchezo, Wizards of the Coast, bali na Matthew Mercer, na mbegu yake ilipandwa mwaka 2015 alipomtengenezea mwigizaji Vin Diesel mwindaji wa wachawi wa kuchezea. Ninayemtumia mimi ni yule aliyefanyiwa marekebisho mwaka 2020. Huyu ni mpiganaji anayelipa kwa damu yake mwenyewe: akifika ngazi ya 5, ili kuifanyia silaha yake tambiko, hurusha dadu moja la pande sita, hukatwa pointi za uhai zinazotoka hapo bila njia yoyote ya kuzipunguza, na tangu wakati huo hadi mapumziko yajayo kila pigo la silaha aliyoifanyia tambiko huongezewa dadu hilohilo. Kabla ya kuanza kampeni nilimkabidhi msimamizi wa meza yetu, anayeongoza hadithi na kuamua kanuni, kurasa zote, akakaa nazo wiki nzima, akanirudishia akisema hana tatizo nazo.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Tulikuwa tunapambana na vibwengo wanne walioongozwa na zimwi mmoja, na zimwi wa kitabuni ana pointi 59 za uhai. Mchawi wetu alifungua mapambano kwa mpira wa moto, madadu manane ya pande sita, akatoa 28; vibwengo wote wanne wakateketea papo hapo na zimwi akabaki na 31. Meza ilipiga makofi. Zamu yangu ilipofika nilirusha dadu la pande ishirini, likagonga sahani ya karanga, likazunguka, likatua kwenye 20. Kwa pigo la namna hiyo madadu ya madhara huongezwa maradufu, nikapata 33, zimwi akaanguka. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Msimamizi alifunga daftari lake, akasema kwamba alijua tangu mwanzo kuwa vitu vya kuokota nje ya vitabu rasmi huharibu mchezo, akatangaza kuanzia hapo nitalipa dadu la damu kila mzunguko, yaani kila zamu ikiturudia, badala ya mara moja kwa tambiko.

Hakuniuliza wala hakuwauliza wenzangu, na tulikuwa katikati ya kikao. Katika mapambano yaliyofuata mhusika wangu, mwenye pointi 44 akiwa mzima, alijinyonya pointi 19 katika mizunguko mitano kabla adui hajamgusa. Nilipodai kuonyeshwa kanuni hiyo imetoka wapi, alitoa karatasi zilizochapishwa za toleo la kabla ya 2020, ambalo si nililompa na ambalo nalo halimtozi mtu kila mzunguko.

Msimamizi ana mamlaka ya kubadili kanuni, hilo sibishani nalo. Ninacholalamikia ni kwamba amempima mhusika kwa namba kubwa aliyoiona siku moja, wakati namba hiyo ilitoka kwenye dadu la pande ishirini ambalo kila mtu mezani analo. Mpiganaji wa kawaida mwenye upanga mkubwa kama wangu angepata wastani wa 18 kwa pigo lile, mimi wastani wangu ni 25. Tofauti ni 7. Hizo nane nyingine zilikuwa bahati yangu tu, na bahati haifutwi kwa kumtoza mtu damu.

Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa kabla ya hukumu. Chukueni wahusika watatu wa ngazi ya 5 kwa kanuni za 2014 tunazozitumia, wote na upanga mkubwa, nguvu 18, mapigo mawili kwa zamu, na tuseme hakuna anayekosa. Katika pambano moja la mizunguko mitatu, Blood Hunter hutoa wastani wa 87. Mpiganaji, ambaye huongezewa tendo moja, yaani mapigo mawili, kwa kila mapumziko, hutoa 88. Paladini, yaani shujaa wa kidini, akimwaga nguvu zake za kimungu kuanzia zile kubwa, hutoa 129, na bado ana pointi 25 za kuponya zinazomngoja mkononi. Huyo anayeitwa mharibifu wa mchezo ndiye wa mwisho kati ya watatu!

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo msimamizi wetu asipotaka kupatazama. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kinakadiria kwamba kikosi kinaweza kuhimili mapambano sita hadi nane kwa siku ya mchezoni, pamoja na mapumziko mafupi kama mawili katikati. Sisi hupigana mara moja, nadra mara mbili, kisha kila mtu analala na kuamka mpya. Kwa mpangilio huo paladini na mchawi hawana sababu ya kubana matumizi. Jaribuni mapambano manne ya mizunguko mitatu na mapumziko mafupi mawili, muone jinsi jedwali linavyogeuka: Blood Hunter 348, mpiganaji 330, paladini 327, maana paladini amekwisha mafuta tangu pambano la kwanza. Hapo ndipo ninapoongoza, kwa pointi 18 katika siku nzima, baada ya kulipa kama pointi 10 za uhai wangu kwa kuwasha tambiko mara tatu. Mtu akiniambia tofauti hiyo inavunja meza, basi meza yenyewe ilikuwa na mguu mbovu.

Nisije nikaonekana mtetezi kipofu, nakiri upungufu ninaouona mimi mwenyewe. Nyongeza ya tambiko haina kikomo cha mara ngapi kwa zamu, kwa hiyo anayetumia upinde-mtambo wa mkononi na kufyatua mara tatu akiwa ngazi ya 5 huongeza dadu hilo mara tatu, na gharama ya dadu moja kwa tambiko zima inakuwa kama nauli ya bure. Mchezaji wa namna hiyo angewekewa mpaka wa nyongeza moja au mbili kwa zamu, nisingefungua uzi. Mimi ninabeba upanga.

Kwa upande wa pili, hakuna mezani aliyetaja mizigo yake. Anahitaji nguvu za mwili ili apige, uhimilivu ili damu imtoshe, na akili au busara ili laana anazowatupia maadui zishike, kwa hiyo alama za sifa hizo hazimtoshi popote. Laana yenyewe anayo moja tu kwa kila mapumziko hadi afike ngazi ya 6. Tena haimpati kiumbe asiye na damu mwilini mpaka alipie damu ya ziada. Tulipopigana na mifupa itembeayo mwezi uliopita nilikaa na laana yangu mfukoni jioni nzima, na sikumbuki msimamizi akifunga daftari kwa kunihurumia.

Ninachodai ni vitu viwili. Kanuni ya kulipa kila mzunguko iondolewe, na kama kuna jingine la kuwekwa mahali pake liamuliwe kabla ya kikao, kwa kurasa za toleo nililokabidhi. Pili, tucheze walau vikao vitatu vyenye mapambano manne kati ya usingizi mmoja na mwingine, na mtu aandike madhara ya kila mhusika pembeni, ya mchawi yakiwemo.

Kikao kijacho ni Jumamosi, nami nitakwenda na karatasi mbili, ya Blood Hunter na ya mpiganaji wa kawaida. Kama kuna mwenye kumbukumbu za meza iliyomchezesha mhusika huyu kupita ngazi ya 5 kwa siku ndefu, aziweke hapa na namba zake, hata kama zinanipinga.