Forest Whitaker: nianze na filamu zipi?

mpendamuvi: Wakuu, Forest Whitaker namjua kwa Idi Amin na kwa Zuri wa Black Panther, basi. Nataka kupitia kazi zake kwa utaratibu. Nianzie 1982 nishuke mwaka kwa mwaka, au kuna njia bora? Na kile Kiswahili cha Amin alikisomea kweli?

Kinasa: Usifuate miaka, mkuu. Ukianza na Fast Times at Ridgemont High utamkuta mcheza futiboli ya Kimarekani mwenye maneno machache, utachoka mapema. Anza na The Color of Money (1986). Yumo dakika chache tu, kijana anayejifanya mzubaifu kwenye meza ya pool huku anamla Paul Newman hela. Silaha yake kubwa iko pale pale: upole unaoficha kitu.

Kisha Bird (1988) ya Clint Eastwood, ambamo yeye ni Charlie Parker, mpiga saksafoni wa jazz. Ni dakika 161, na masimulizi yanarudi nyuma na kwenda mbele bila kuaga, kwa hiyo ukiikata vipande utapotea. Ilimpa tuzo ya mwigizaji bora Cannes akiwa na miaka 26. Parker alikufa 1955 akiwa na miaka 34, lakini daktari aliyeukagua mwili alimdhania mtu wa zaidi ya miaka 50. Uchakavu huo ndio kijana huyu alitakiwa auvae.

Baadaye The Crying Game (1992), akiwa askari Mwingereza, halafu Ghost Dog (1999), ambamo anaongea kwa nadra sana. Amin mwache mpaka hapo. Wanaoanza naye huziona kazi nyingine zimepoa, kumbe nyingi zinafanyika kwa sauti ya chini na zinataka sikio lililokwisha kuzoea.

mpendamuvi: Asante sana mkuu. Kwenye Bird saksafoni anapuliza mwenyewe?

Tenori: Sehemu kubwa ni Parker mwenyewe. Rekodi zake za zamani zilikuwa hafifu, besi na ngoma zimefifia, kwa hiyo Eastwood na mwanamuziki Lennie Niehaus waliichomoa saksafoni wakaipigia muziki mpya nyuma yake. Vipande vingine alipiga mpiga saksafoni Charles McPherson. Filamu ikachukua Oscar ya sauti. Whitaker alijifunza saksafoni ya alto ili vidole na pumzi viende na noti. Usiangalie vidole peke yake, angalia na shingo na mabega anapopuliza. Kumbuka huyu alisomea uimbaji wa klasiki, sauti ya tenori, baada ya jeraha la mgongo kumtoa kwenye futiboli. Pumzi ilikuwa somo lake kabla ya uigizaji.

Kambini: Kuhusu Amin, ndiyo, alikisomea. Kwa The Last King of Scotland (2006) alijifunza Kiswahili na kodiani, akaongeza kama kilo 23, akazungumza huko Uganda na ndugu wa Amin, majenerali wake na watu walioumizwa na utawala ule. Kiswahili hakikuwa pambo. Amin aliingia KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, mwaka 1946, na jeshi lile liliamrishwa kwa Kiswahili. Asiyekijua asingeupata mdundo wa Kiingereza chake.

Sikiliza hotuba kwa wanakijiji mara baada ya mapinduzi, kifua kizima kinafanya kazi. Kisha linganisha na usiku anapodhani amelishwa sumu, kumbe ni gesi tumboni. Mtu ni yule yule, sauti imebaki ya mtoto mwenye hofu. Kwangu hapo ndipo alipoishika Oscar ya 2007.

Angalizo: daktari Garrigan ni wa kubuni, usiinukuu filamu kama historia. Na hadithi inafikia utekaji wa Entebbe wa 1976, kwa hiyo Vita vya Kagera hutaviona vikipiganwa.

Kinasa: Nyongeza. Mwaka huo huo wa 2006 alikuwa pia Kavanaugh kwenye msimu wa tano wa The Shield, mpelelezi wa polisi wenzake, chingamu mdomoni. Itazame mara tu baada ya Amin uone umbali kati ya watu hao wawili.

Na tafadhali epuka nakala zilizowekewa sauti ya mtafsiri juu. Kwa filamu za ngumi sawa, lakini hapa zinafunika kitu kile kile unachokitafuta. Chukua yenye sauti halisi, washa maandishi ya chini, vaa hedifoni.