Naombeni ushauri: nyama ya hekalu la sanamu (1 Wakorintho 8–10) na tambiko la ukoo

Mtafuta Njia (mtoa mada):
Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Nafundisha darasa la vijana kanisani na tumefika 1 Wakorintho sura ya 8. Hapo tumekwama. Sura ya 8 Paulo anasema sanamu si kitu. Sura ya 10 mstari wa 20 anasema sadaka zile hutolewa kwa mashetani. Vijana wananiuliza: sasa ni kitu au si kitu? Na mbona nyama ya sokoni anawaruhusu kula bila kuuliza, halafu ya hekaluni anakataza?

Kilichonileta kwenu hasa ni binti mmoja wa darasani. Kwao ni Kilimanjaro, na Desemba hii ukoo umepanga tambiko kihambani, kwenye shamba la ukoo: mbuzi atachinjwa, mbege (pombe ya ndizi) itamwagwa chini penye masale (mimea ya heshima ya Wachaga), wazee watawataja waliotangulia, kisha nyama itagawiwa. Baba yake ni marehemu. Aliyemsomesha ni baba mkubwa. Asipokwenda ataonekana amewadharau. Akienda na kula, dhamiri inamsuta. Sitaki kumjibu kwa mstari mmoja wa kukariri. Nisaidieni: mahekalu yale yalikuwaje hasa, na huyu binti nimwambie nini?

Binti Sayuni:
Asiende kabisa. 2 Wakorintho 6:16, pana mapatano gani kati ya hekalu la Mungu na sanamu? Tukianza kuchambua nyama hii na ile tutajikuta tumeshaketi huko huko.

Mwalimu Mstaafu:
Mtumishi, nianze na hekalu lenyewe, maana wengi tunalifikiria kama kanisa lenye sanamu mbele. Hekalu la Wagiriki na Warumi lilikuwa nyumba ya mungu, si ukumbi wa waumini. Sanamu ilikaa ndani. Madhabahu ilikuwa nje, uwanjani, na watu walisimama hapo. Mnyama akishachinjwa, mifupa ya mapaja na mafuta viliteketezwa, hilo ndilo fungu la mungu. Kuhani alipata fungu lake, na waliotoa mnyama wakala lao palepale au wakaenda nalo nyumbani. Nyingine iliishia sokoni.

Mahali pa kulia palijengwa kabisa. Korintho, kwenye eneo la Asklepio, mungu wa uponyaji, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vyumba vya chakula, kila kimoja na makochi 11 yamezunguka kuta. Na huko Oxyrhynchus, Misri, umepatikana mwaliko ulioandikwa kwenye karatasi ya mafunjo katika enzi za Warumi: Chairemoni anamwalika mtu kula kwenye meza ya bwana Sarapi, yaani mungu aliyeabudiwa huko, ndani ya hekalu lake, kesho tarehe 15, saa tisa. Mistari michache tu, kama kadi ya shughuli yoyote. Mtu ana jambo lake la furaha, anaita ndugu na jirani. Muumini wa Korintho aliitwa hivyo na mjomba wake, na mteja wake, na bosi wake. Ndiyo maana 8:10 inamtaja mtu aliyeketi chakulani ndani ya hekalu la sanamu.

Sasa soma tena ule mwaliko. Aliyealika ni Chairemoni, lakini mwenye meza ni Sarapi. Paulo anashika hapo hapo, 10:21: hamwezi kuishiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani. Sanamu imebaki jiwe tu, hajageuza kauli ya sura ya 8. Anachokataza ni kuketi pale, kwa sababu ukila kwenye meza ya mtu umeshirikiana naye. Nyama ikishatoka mezani ikaning'inia buchani, ni nyama tu, kwa maana dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana (10:26).

Mkulima wa Rombo:
Mimi ni wa huko huko anakotoka binti. Tambiko si ibada ya sanamu. Hakuna kinyago, hakuna Artemi. Wazee wanawakumbuka waliowazaa. Na baba mkubwa aliyemsomesha anastahili heshima, hata amri kumi zinasema tuwaheshimu wazazi. Msimfanye binti awakosee watu wake kwa sababu ya Wagiriki.

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu yangu, kwenye heshima ya wazee niko na wewe. Lakini Wagiriki nao waliwamwagia wafu wao divai na asali makaburini, bila sanamu yoyote. Sikiliza maneno yanayosemwa mbege inapomwagwa. Kama ni "tunawakumbuka, mlitutunza", hapo tunaweza kuzungumza. Kama ni "pokeeni, mtuondolee mkosi, mtupe watoto", hayo ni maombi, na Mkristo ana mmoja tu wa kumpelekea maombi ya namna hiyo. Binti amuulize baba mkubwa nini hasa kitasemwa. Wewe unayezijua shughuli hizo ungetusaidia sana hapo.

Mkulima wa Rombo:
Nisiseme uongo, yote mawili husemwa. Inategemea mzee anayeongoza.

Msomaji wa Historia:
Mtoa mada, nyongeza mbili za darasani. Usiwafundishe vijana ile habari ya makahaba 1,000 wa hekalu la Afrodite, mungu wa kike wa mapenzi, kana kwamba Paulo aliwakuta. Strabo, mwandishi wa Kigiriki aliyeiandika, alikuwa anazungumzia Korintho ya zamani, ambayo Warumi waliibomoa mwaka 146 KK. Mji aliofika Paulo, karibu mwaka 50 BK, ulianzishwa upya na Julius Caesar mwaka 44 KK. Hata kwa ule wa zamani wanahistoria wengi wana mashaka na habari hiyo.

La pili linanigusa sana. Karibu mwaka 112, Plinio, gavana wa Bithinia, jimbo la Warumi, alimwandikia Kaisari Trajani kuhusu Wakristo. Anasema mahekalu yalikuwa karibu yameachwa tupu, na nyama ya sadaka ilikuwa na wanunuzi wachache mno. Ndiyo kwanza watu walikuwa wameanza kurudi. Waliokuwa wameacha ni wa mjini na wa vijijini, wa kila rika na cheo. Na walioshtakiwa walijaribiwa kwa kutakiwa wafukize uvumba na kumimina divai mbele ya sanamu ya Kaisari na kumlaani Kristo. Vijana wajue kwamba jambo hili dogo la mezani liliwagharimu wengine uhai.

Mama Neema:
Mpendwa, tusimsahau Naamani, 2 Wafalme 5:18. Alisema bwana wake humwegemea mkono akiingia nyumba ya Rimoni, naye hulazimika kuinama. Elisha akamwambia, "Enenda kwa amani." Kwa hiyo kufika si lazima kuwe kuabudu.

Binti aende kwa baba mkubwa kabla ya siku yenyewe, peke yake, na zawadi mkononi. Aanze na shukrani ya ada ya shule, ndipo aseme asichoweza kushiriki. Mzee huweza kulipokea faraghani neno ambalo mbele ya ukoo lingekuwa tusi. Siku ya shughuli asaidie jikoni, na wakati wa kumwaga mbege asiwepo pale.

Binti Sayuni:
Jikoni si ndipo nyama ile ile inapopikwa?

Mama Neema:
Umesema kweli, dada. Basi ashike kazi ya maji, watoto na kupokea wageni. Kazi haikosekani.

Mtafuta Njia:
Mungu awabariki sana. Jumapili nitaanza na ule mwaliko wa Sarapi, kisha tusome 10:14–33 bila kukatisha. Binti nimeongea naye, amekubali kumwona baba mkubwa mapema. Ameuliza jambo moja: akifungiwa fungu lake la nyama arudi nalo Dar, si litakuwa limeshatoka mezani, kama ile ya sokoni?

Mwalimu Mstaafu:
Hapana, msomee 10:28: mtu akikuambia kitu hiki kimetolewa sadaka, usile. Muuzaji wa sokoni hajakuambia kitu. Hapa aliyefunga anajua ni ya tambiko, binti anajua, na wote watakaomwona akiipokea watasema naye alikuwemo. Hilo nalo alimalize na baba mkubwa kwenye mazungumzo ya faragha, ili mzee asije akanyoosha mkono mbele ya ukoo mzima ukarudi na fungu.