MRI ya panya katika utafiti wa ensefalitisi: inaongeza nini?

Swali
Habari za kazi. Naandaa utafiti wa ensefalitisi (uvimbe wa ubongo) inayosababishwa na virusi vya herpes simplex. Msimamizi wangu anataka panya walioambukizwa wapigwe picha za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) kwa siku kadhaa. Ikiwa mwishowe ni lazima ubongo ukatwe na kutazamwa kwa hadubini, picha zina faida gani?

Jibu la kwanza
Faida yake ni kumfuatilia mnyama yuleyule. Panya aliyeuawa siku ya 3 hawezi kukuonyesha siku yake ya 6, hivyo bila picha utahitaji wanyama wengi zaidi, jambo ambalo mimi binafsi siliungi mkono. Hata hivyo, MRI haioni virusi; huona maji, yaani jinsi yanavyobanwa seli zinapovimba na yanavyojikusanya katika tishu. Kwa mgonjwa, mng'ao pichani katika lobu ya panja (sehemu ya ubongo iliyo upande wa panja), pamoja na homa na kuchanganyikiwa, unatosha kumfanya daktari aanze asiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivi, bila kusubiri majibu ya PCR (kipimo cha vinasaba vya virusi) ya maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa ugonjwa huu usipotibiwa huua takriban watu 7 kati ya 10. Lakini mng'ao huo hausemi kama seli za neva zinauawa na virusi au zinaumizwa na kinga ya mwili yenyewe. Kwa panya unaweza kupiga picha, kisha ukakata ubongo siku hiyohiyo na kulinganisha doa kwa doa. Hapo ndipo hadubini na picha zinapohitajiana.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu uchaguzi wa panya. Kati ya aina mbili za panya wa maabara, C57BL/6 huvistahimili virusi hivi kuliko BALB/c, kwa hiyo matokeo ya aina moja usiyahamishie nyingine. Ukidunga virusi moja kwa moja kwenye ubongo, jeraha la sindano nalo litaonekana pichani. Njia ya pua haina tatizo hilo. Tena, ubongo wa panya hauzidi nusu gramu, ndiyo maana maabara nyingi hutumia mashine zenye sumaku kali, za tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 7 au 9.4.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, ipo njia ya kuona virusi vyenyewe mnyama akiwa hai?

Jibu la kwanza
Ipo. Virusi huwekewa jeni ya lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga, na mahali vinapozaliana hutoa mwanga unaonaswa na kamera. Mwanga huo hufifia ukipita kwenye fuvu, hivyo utajua eneo kwa makadirio tu. Usisahau kundi la kulinganishia, yaani panya waliopewa maji ya chumvi pekee, nao wapigwe picha chini ya usingizi uleule wa dawa.