Mzee anakataa "biashara", nifanyeje?

Ndugu zangu, naomba ushauri. Hapa Tanga kuna mzee, mpiga picha mstaafu, ana boksi zima la negativu za mjini na mashamba ya mkonge. Nyingine zimeshaanza kugandana kwa unyevu. Amekubali nizipakie Wikimedia Commons, ghala la mtandaoni la picha huria, tuzitumie Wikipedia ya Kiswahili, ila kwa sharti: "Mtu asizifanyie biashara, mwanangu." Commons haipokei leseni inayokataza biashara. Nikamweleza kuwa kwa CC BY-SA, leseni huria inayoruhusu hata biashara, kila atakayezitumia lazima amtaje. Akacheka: "Jina halinunui unga." Na ana hoja, jamani. Mliowahi kukaa na wazee wa hivi, mlianzaje? Nawaza tupakie nakala ndogo tu, kubwa abaki nazo auze mwenyewe. Kuna aliyejaribu?