Mabilionea wa Marekani wanagawa hela kila siku, mbona pengo la weusi na wazungu liko palepale?

mtu_wa_Kahama:
Wadau habarini. Hili swali linanisumbua kweli. Toka 2010 Buffett na akina Gates waanzishe ule mpango wa Giving Pledge, mabilionea zaidi ya 200 wameahidi kutoa nusu ya mali zao au zaidi. Halafu unacheki takwimu za benki kuu yao za 2022, familia ya kizungu ya katikati ina mali kama dola 285,000, ya weusi 44,900. Mara sita na ushee! Sasa hizo sadaka zinaishia wapi? Kuna jamaa kazini anasema shida ni weusi wenyewe hawasaidiani, nikakosa cha kumjibu.

BintiPangani:
Zinaishia kwenye vyuo walivyosoma wao mkuu. Ken Griffin 2023 kawapa Harvard dola milioni 300, chuo chenye wakfu wa zaidi ya bilioni 50 tayari. Bloomberg 2018 kapeleka bilioni 1.8 Johns Hopkins, ile angalau ilikuwa ya kuwalipia wanafunzi wasio na uwezo, sikatai. Ila tajiri anampa anayemjua, na waliomzunguka ni kama yeye. MacKenzie Scott, aliyekuwa mke wa Jeff Bezos wa Amazon, 2020 ndio alishtua watu, Prairie View A&M chuo cha weusi cha Texas akakipa milioni 50 bila masharti, na chuo kipo toka 1876, mpaka hapo kilikuwa hakijawahi kupata zawadi kubwa kama hiyo. Fikiria hapo.

Halafu kuna la kodi watu hawalisemi. Bilionea akitoa dola 100 kodi yake inapungua kwa dola 30 na kitu, kwa hiyo serikali imechangia bila yeyote kuulizwa hela iende wapi. Na akiiweka kwenye zile akaunti za sadaka punguzo anapata mwaka huohuo, hela yenyewe inaweza kukaa humo miaka mingi maana sheria haijaweka siku ya mwisho ya kuigawa.

Mzee_Kobe:
Huyo jamaa wa kazini kwako mpelekee hii. Julius Rosenwald, Myahudi wa Chicago, mmoja wa wenye kampuni ya biashara ya Sears, alikutana na Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi mweusi wa enzi hizo, na kuanzia 1912 wakaanza kujenga shule za watoto weusi kule kusini, mpaka 1932 zilikuwa karibu 5,000. Rosenwald hakuwa anajenga peke yake, sharti lake lilikuwa wanakijiji wachange na serikali ya pale nayo itoe, harambee kabisa kama mnazozijua nyie. Sasa ukifungua hesabu za mfuko wake unakuta Rosenwald katoa kama milioni 4.4, weusi wenyewe wamechanga milioni 4.7!! Wakulima wa pamba wa kukodishiwa mashamba, mtu anauza kuku, mwingine anatoa kipande cha ardhi, mwingine anachana mbao, na hao hao walikuwa wanalipa kodi kama kawaida ila kodi yao ilikuwa inaenda zaidi kwenye shule za wazungu. Yaani shule moja wameilipia mara mbili halafu mpaka leo zinaitwa shule za Rosenwald. Simlaumu mzee wa watu maana matajiri wengi wa wakati wake hawakutoa hata msumari, na aliagiza mfuko umalizwe kabisa, ukafungwa 1948. Lakini hawasaidiani?? Aache hizo bana.

dogo_wa_Minneapolis:
Na mabilionea weusi je? Robert Smith 2019 alisimama kwenye mahafali ya Morehouse, chuo cha weusi, akasema madeni yenu ya masomo nalipa mimi, milioni 34, watu wakalia. Mwaka uliofuata akakiri alikwepa kodi miaka mingi, akakubali kulipa milioni 139. Tajiri ni tajiri tu mi naona, rangi inakuja baadaye 😂

BintiPangani:
@dogo_wa_Minneapolis hapo umenena, ila wale vijana deni limefutika kweli na wengi wao hawakuwa na baba wa kuwalipia. Nachukua vyote viwili.

mtu_wa_Kahama:
Asanteni sana. Sasa kwa nini wasiseme tu mfuko huu ni wa weusi, yaishe?

Mzee_Kobe:
Walijaribu, wakashtakiwa. Fearless Fund ya Atlanta, imeanzishwa na wanawake weusi, ilikuwa inatoa dola 20,000 kwa wanawake weusi wenye biashara ndogo. 2023 kundi la Edward Blum, yule aliyeangusha upendeleo wa rangi kwenye udahili wa Harvard, likaenda mahakamani na sheria ya 1866. Hiyo sheria ilitungwa kuwalinda watumwa walioachiwa huru ili waweze kuingia mikataba kama wazungu! 2024 wakamalizana nje ya mahakama na ule mchango ukafungwa.

Na hata usingefungwa, ile 285,000 sehemu kubwa ni nyumba, hisa na urithi. Babu wa kizungu alipata mkopo wa nyumba uliodhaminiwa na serikali miaka ya 30 na 40, mtaa wa weusi ulichorwa mstari mwekundu kwenye ramani, mkopo hakuna. Hilo liliwekwa na serikali, sasa mnamsubiri bilionea aje alitoe kwa hiari yake?

dogo_wa_Minneapolis:
Mzee weka na hiyo ya ramani uzi wake, huku kwetu bado kuna hati za nyumba zimeandikwa weusi wasiuziwe. Haina nguvu tena kisheria ila maneno yapo.