Mrejesho: ule mlio mkali kwenye nozeli yetu ya maabara

Wakuu salama? Niliuliza kwa nini hewa ikitoka kwenye nozeli yetu ndogo (kifaa chembamba cha kutolea hewa) kwa spidi inayozidi ya sauti tunapata mlio mmoja mkali unaofunika ngurumo yote, wengine mkasema ni bomba linatetemeka. Nashukuru sana kwa michango.

Sio bomba. Hewa ikitoka na presha kubwa kuliko ya nje inajipanga vipande vipande vya mawimbi ya mshtuko (sehemu ambazo presha inaruka ghafla), sasa mizunguko ya hewa ikipita pale inatoa sauti, ile sauti inarudi nyuma kwa nje mpaka kwenye mdomo wa nozeli na kuzalisha mizunguko mipya, basi inakuwa duara lisiloisha. Mtafiti wa sauti Alan Powell alishalieleza hili tangu 1953. Tulivyopandisha presha taratibu mlio ukawa unashuka, vipande vinarefuka, halafu ghafla ukaruka kwenda toni nyingine kabisa, aisee nilifurahi mno kuona ule mstari wa mlio kwenye grafu ya skrini!

Tukafunga vijimeno viwili vya chuma kwenye mdomo wa nozeli, vikavuruga lile duara, mlio ukafa.

Ngurumo yenyewe bado ipo, hiyo inatokana na hewa kuchanganyikana. Mwanahisabati James Lighthill alionyesha 1952 kwamba nguvu ya sauti inapanda kwa kipeo cha 8 cha spidi, yaani ukipunguza spidi nusu inashuka mara 256, kama desibeli 24 hivi. Ndo maana injini za ndege za abiria siku hizi zina feni kubwa, zinasukuma hewa nyingi polepole.

Mkuu uliyesema tuweke sponji kwenye vyuma vya jirani ili sauti isigonge na kurudi, ubarikiwe, grafu zimetulia.